Kizuizi Kisicho na Salamu: Wachezaji Wanavyohitilafiana juu ya Far Cry 2

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia tungo zinazosomwa, zinazoimbwa na zinazoigizwa jukwaani. Mchezo wa video haujapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki huo, ingawa una mandhari, wahusika, msuko na dhamira kama utanzu mwingine wowote wa masimulizi, na ingawa wanafunzi wetu wengi wanaufahamu kuliko wanavyoifahamu tamthilia. Katika mitaa ya Uvira, iwe Nyamianda, Kavimvira au Kalundu, kijana asiye na mashine yake hulipa franka kidogo katika chumba cha michezo, akacheza mradi umeme upo. Humo kandanda ndiyo inayotawala. Lakini michezo ya vita nayo ina wapenzi wake, na wapenzi hao hawakubaliani.

Makala haya yanachambua hitilafu hizo kwa kutumia mfano mmoja, yaani Far Cry 2, mchezo wa pili katika mfululizo wa Far Cry unaotolewa na kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa michezo ya mfululizo huo iliyowagawa sana wachezaji: wapo wanaouona kuwa kilele chake, na wapo walioutupa baada ya saa chache. Pili, mandhari yake ni nchi ya Afrika iliyomo vitani, yenye barabara za vumbi, malaria, madini, wauza silaha na vizuizi vya njiani. Msomaji wa Kivu Kusini hahitaji kufafanuliwa mambo hayo.

Hoja yetu kwa kifupi ni hii. Wanaousifu mchezo huu na wanaoulaumu wanabishana juu ya bunduki zinazokwama, homa inayorudi na walinzi wasiokwisha. Kila upande una haki kwa kiasi chake. Hata hivyo, kasoro ambayo pande zote mbili zinaizunguka bila kuitaja ni ya lugha: ndani ya mchezo huu hakuna namna ya kusema na mtu aliyesimama njiani. Tutaonyesha kwamba kasoro hiyo ndiyo chanzo cha uchovu ambao wachezaji wanaulalamikia, na kwamba ina uzito mkubwa zaidi kwa msomaji anayeishi katika nchi kama ile inayosimuliwa.

2.0 Mchezo na mfululizo wake

Far Cry wa kwanza ulitoka mwaka 2004. Uliundwa na kampuni ya Ujerumani, Crytek, na hadithi yake ilitokea katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Ubisoft, iliyoutoa mchezo huo, iliikabidhi kazi ya mchezo wa pili kwa studio yake ya Montreal, Kanada, chini ya mkurugenzi wa ubunifu Clint Hocking. Far Cry 2 ulitoka Oktoba 2008, na hadithi yake haina uhusiano na ile ya kwanza. Baada yake ilifuata Far Cry 3 (2012) katika visiwa vya kubuni, Far Cry 4 (2014) katika nchi ya kubuni ya milima ya Himalaya, Far Cry Primal (2016) katika zama za mawe, Far Cry 5 (2018) katika jimbo la Montana huko Marekani, na Far Cry 6 (2021) katika kisiwa cha kubuni cha Karibi.

Michezo hii huitwa ya uwanda wazi, kwa maana kwamba mchezaji hasukumwi katika njia moja. Amewekewa eneo kubwa, ambalo katika Far Cry 2 linakaribia kilomita za mraba 50, lenye nyasi kavu, msitu, maziwa na jangwa, na ni juu yake kuchagua aende wapi, kwa gari au kwa mashua, mchana au usiku. Kwa istilahi za fasihi simulizi tunaweza kusema kwamba hadhira imepewa sehemu ya kazi ya fanani. Fanani ameweka mandhari, wahusika na masharti. Hadhira ndiyo inayopanga mfuatano wa matukio.

Mhusika mkuu ni mamluki mgeni. Mchezaji humchagua miongoni mwa wanaume tisa, wakiwamo wa kutoka Haiti, Algeria, Kosovo na China. Hakuna hata mmoja aliye mzaliwa wa nchi inayosimuliwa. Ametumwa kumwua muuza silaha ambaye jina lake la vita, tukilitia katika Kiswahili, ni Mbweha. Mtu huyo ameziuzia silaha pande zote mbili zinazopigana. Mamluki anaingia nchini kwa teksi, anashikwa na malaria, na anapozinduka katika hoteli ya mji wa Pala anamkuta Mbweha mwenyewe kando ya kitanda chake. Tangu hapo anafanya kazi za siri kwa makundi mawili yenye silaha ambayo majina yao yamejaa ukombozi, umma na upinzani, huku matendo yao hayatofautiani. Malipo yake ni almasi ghafi.

Watengenezaji hawakuficha kwamba walichota katika kisa cha Joseph Conrad kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1899, kile cha safari ya mtoni kumfuata Mzungu aliyepotoka. Mto wa kisa hicho ni Kongo, ingawa mtunzi hakuutaja kwa jina. Asili hiyo tuikumbuke, maana tutairudia.

3.0 Pande mbili za wachezaji

3.1 Wanaolaumu

Malalamiko dhidi ya Far Cry 2 ni mengi, lakini matatu ndiyo yanayorudiwa zaidi. La kwanza ni la silaha. Bunduki iliyookotwa kwa adui imeshika kutu. Baada ya risasi kadhaa inakwama, na ikiendelea kutumiwa inaweza kuharibika kabisa mikononi katikati ya mapigano. Hata bunduki mpya iliyonunuliwa kwa almasi huchakaa. La pili ni la malaria. Homa humpanda mhusika mara kwa mara, macho yakafifia, na asipomeza dawa huzirai. Dawa zikiisha, mchezaji analazimika kuacha shughuli yake na kwenda kuzitafuta.

La tatu ndilo kubwa. Barabara zote zimewekewa vizuizi vyenye walinzi wenye silaha. Mchezaji akipita huwashwa moto, bila kujali kama siku hiyo anafanya kazi ya kundi lao au la adui yao. Akiwamaliza na kwenda zake, akirudi baada ya muda atakuta kizuizi kimejaa walinzi wengine kama kwamba hakuna kilichotokea. Safari ya dakika tano inageuka mapigano matatu, na ya kurudi vilevile. Wanaolaumu husema kwamba huko ni kuupoteza wakati wa mchezaji, na kwamba kitendo kisichoacha alama hakina maana.

3.2 Wanaosifu

Kundi la pili huyachukua mambo yaleyale na kuyageuza sifa. Kwao, bunduki inayokwama inamtoa mchezaji katika raha ya kujiona shujaa asiyeshindwa. Mipango huvurugika: moto uliowashwa ili kumfukuza adui huchukuliwa na upepo, ukaunguza nyasi hadi pale mchezaji alipojificha, na hapo ndipo masimulizi yanapozaliwa, kwa kuwa hakuna wachezaji wawili watakaosimulia kisa kimoja. Malaria inamkumbusha mgeni kwamba nchi hii haikuumbwa kwa starehe yake. Nao walinzi wanaorudi wanasema ukweli ambao michezo mingi huukwepa, yaani kwamba kumwua mwenye bunduki hakuondoi kilichomleta pale.

Kundi hili lina wafuasi wa kweli. Mwaka 2009 mchezaji mmoja wa Australia alijiwekea sharti la kuucheza mchezo huu kwa uhai mmoja tu, akikubali kwamba mhusika wake akifa basi hadithi imekwisha, kisha akaandika taarifa ndefu ya safari hiyo. Mchezo wa kupitisha muda haumsukumi mtu kufanya kazi ya namna hiyo.

3.3 Tathmini

Tukipima kwa vigezo vya fani na maudhui, kundi la pili limeshika jambo muhimu. Kundi la kwanza linaihukumu fani peke yake: je, chombo kinafanya kazi vizuri, je, njia ni fupi, je, ushindi unadumu? Kundi la pili linaona kwamba fani hiyo inayokera imebeba maudhui. Vita ni kazi ya kuchosha inayofanywa kwa vyombo vibovu na watu wagonjwa, na mwisho wake hauonekani. Mkazi wa Uvira aliyeshuhudia vita vya 1996, kisha vya 1998, na aliyeviona vita vikirudi Kivu Kusini mwaka 2025, hawezi kusema kwamba walinzi wanaorudi ni kosa la fundi.

Ikumbukwe pia kwamba kampuni yenyewe iliwasikiliza walalamikaji. Kuanzia Far Cry 3, kambi iliyotekwa hubaki imetekwa, bendera hubadilishwa, na raia marafiki hurudi. Malaria haikuonekana tena, wala kutu. Mchezo huo wa tatu ulipendwa na watu wengi zaidi, lakini ulinunua mapenzi hayo kwa kukubali uongo wa zamani kwamba vita huisha pale mtu mmoja hodari anapopiga risasi za kutosha. Katika hilo sisi tunasimama na wale wanaouona mchezo wa pili kuwa mkweli zaidi.

Lakini kusimama nao hapo hakutulazimu kunyamazia malalamiko ya tatu. Uchovu wa vizuizi ni wa kweli. Mtu anaweza kuukubali ujumbe wake mara kumi. Mara ya hamsini ujumbe umekwisha na umebaki uchovu mtupu. Yatupasa kuuliza unatoka wapi.

4.0 Bariyeri na ulimi

Katika Kongo ya mashariki kizuizi cha barabarani huitwa bariyeri, neno tulilolipata katika Kifaransa. Yeyote aliyesafiri kwa barabara ya Bukavu hadi Uvira kupitia uwanda wa Ruzizi anajua kinachotokea hapo, na anajua kwamba sehemu kubwa yake ni maneno. Gari hupunguza mwendo. Dereva huteremsha kioo kabla hajaambiwa. Salamu hutangulia, na si salamu yoyote: kuna wa kuitwa afande, kuna wa kuitwa shefu, kuna wa kuitwa mkubwa, na kuna mzee ambaye anafaa kuitwa baba tu. Kukosea cheo kwa kukipandisha kidogo si hatari. Kukishusha ni hatari. Kisha huja suala la lugha gani. Msafiri husikiliza lafudhi ya mwenye bunduki, akapima kama aendelee na Kiswahili, aingize Lingala, ambayo tangu zamani ni lugha ya jeshi, atumie Kifaransa ili aonekane mtu wa ofisi, au amtolee maneno mawili ya Kifuliiru au Kibembe ili udugu utajwe bila kutajwa. Baada ya hapo ndipo karatasi hutazamwa, pesa ya chai huombwa, utani hufanywa, na mti huinuliwa. Au hauinuliwi.

Hatusemi kwamba bariyeri ni mahali pa amani. Watu wameporwa na kuuawa hapo, na hofu ya bariyeri haiondolewi na utani. Tunasema kwamba hatari yake yenyewe inapita katika maneno. Mwanaisimujamii anayetaka kuona mtu akichagua lugha, rejesta na neno la heshima chini ya shinikizo kubwa kabisa hatapata maabara nyingine inayoipita hiyo. Aliyesimama pale anaweza kuwa mgeni katili. Anaweza pia kuwa kijana mliyekaa naye darasa moja. Hilo hujulikana kwa kusema.

Turudi katika Far Cry 2. Mchezaji anapokaribia kizuizi, mkono wake una vitufe vya kupiga risasi, kurusha bomu, kuinama, kukimbia, kuponya jeraha na kubadilisha silaha. Hakuna kitufe cha kusalimu. Hakuna cha kuteremsha kioo, kuonyesha karatasi, wala kutoa almasi moja kati ya zile alizojaza mfukoni. Walinzi nao hawaulizi neno; wakiliona gari hufyatua. Kwa hiyo kila kizuizi kina jibu moja tu, na kitu chenye jibu moja kikirudiwa mara mia huchosha, hata kikiwa na maana kubwa.

Hapa ndipo pande mbili za wachezaji zinapoweza kupatanishwa. Wanaolaumu wanasema: walinzi wasirudi. Wanaosifu wanasema: waache warudi, ndivyo vita vilivyo. Sisi tunasema kwamba kurudi kwao ni sahihi, na kilicho kibaya ni kwamba wanarudi mabubu. Bariyeri halisi nayo hurudi kila siku palepale, lakini haiwi ileile, kwa sababu leo zamu ni ya mwingine, jana mshahara ulitoka au haukutoka, na wewe mwenyewe leo umepakia mgonjwa. Ni mazungumzo ndiyo yanayoleta tofauti hizo mbele ya macho. Mchezo ulionyamazisha mazungumzo ulijinyima chombo ambacho kingeufanya urudiaji wake uvumilike.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba watengenezaji walilijua hilo. Katika hatua ya mwisho ya hadithi, raia wanakimbilia mpakani, na Mbweha anampa mamluki kazi mbili achague moja: kulipua njia ili wapiganaji wasiwafuate, au kupeleka sanduku la almasi kwa walinzi wa mpaka ili raia waachwe wapite. Yaani baada ya makumi ya saa ambamo hakuna mlinzi hata mmoja aliyeweza kusemeshwa wala kulipwa, wokovu wa watu wote unategemea walinzi wanaokubali malipo. Kama wa mwisho wanaweza kulipwa, kwa nini wa kwanza hawakuweza? Msuko wa kazi hii unajipinga wenyewe mahali hapo, na ni ajabu kwamba ubishi wa wachezaji haugusi sana pingamizi hilo.

5.0 Nchi isiyo na jina wala lugha

Ububu wa vizuizi ni sehemu ya ububu mpana zaidi. Nchi ya Far Cry 2 haina jina. Wilaya zake mbili zinaitwa Leboa-Sako na Bowa-Seko; silabi zake ziko wazi kama za lugha za Kibantu, na sikio la Mkongomani haliwezi kukosa kusikia mwangwi wa Mobutu Sese Seko katika la pili. Mji mmoja unaitwa Mosate Selao, na katika lugha za kundi la Kisotho, kusini kabisa ya Afrika, liko neno linalofanana na mosate lenye maana ya makao ya mtawala. Onomastiki ya mchezo huu imeokotwa huku na huko ili isikike kama ya Afrika, bila kuwa ya mtu yeyote. Mbuga zake ni za Afrika ya mashariki, na tunajua kwamba baadhi ya watengenezaji walikwenda Kenya kujionea mandhari. Almasi zake zinakumbusha Sierra Leone, Angola au Kasai. Mamluki wake wanaikumbusha Kongo ya miaka ya 1960.

Lugha nayo ni hivyohivyo. Mazungumzo yanayoibeba hadithi ni ya Kiingereza, na katika toleo la Kifaransa ni ya Kifaransa. Lugha ya wenyeji haitajwi, na wenyeji wenyewe ni nadra kuonekana. Raia hukutwa mafichoni, ambako mamluki huwapelekea karatasi za kusafiria, nao humpa dawa za malaria. Shughuli hiyo ikiisha hawana la kusema. Zipo kanda za sauti zilizotapakaa katika nchi nzima, na mwandishi wa habari mmoja anamwomba mchezaji azikusanye. Lakini sauti iliyomo ni ya Mbweha, mgeni muuza silaha, akieleza falsafa yake. Katika nchi nzima sauti iliyoonekana inafaa kuhifadhiwa ni hiyo.

Methali yetu inasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika mchezo huu tembo wapo, na nyasi zinaungua kwa ustadi ambao mwaka 2008 uliwashangaza mafundi. Nyasi zile za methali, yaani watu, ndizo zisizoonekana.

Hapa asili ya Conrad inajitokeza. Katika mhadhara aliotoa mwaka 1975 huko Massachusetts, Chinua Achebe alikilaumu kisa kile kwa kuifanya Afrika kuwa pazia la nyuma la kuharibikiwa kwa nafsi ya Mzungu mmoja, na kwa kuwanyima Waafrika wake usemi. Mtu anaweza kubishana na Achebe kuhusu nia ya Conrad, na wengi wamebishana. Lakini Far Cry 2 umekirithi kisa hicho miaka zaidi ya 100 baadaye pamoja na kilema chake, na hauna udhuru wa zama.

6.0 Je, ingewezekana?

Kuna pingamizi mbili za kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba huu ni mchezo wa kufyatua risasi, na mwenye kutaka mazungumzo aende kwingine. Jibu ni kwamba mchezo wenyewe umetaka kusomwa zaidi ya hivyo. Mchezo unaompa muuza silaha wake kitabu cha Nietzsche mkononi umejiweka wenyewe mbele ya wahakiki.

Pingamizi ya pili ni ya ufundi: kwamba kuigiza lugha ni vigumu kuliko kuigiza moto. Historia ya mfululizo huu inatoa jibu. Kwa ajili ya Far Cry Primal wa mwaka 2016, kampuni iliwaajiri wanaisimu, Andrew Byrd na Brenna Byrd wa Chuo Kikuu cha Kentucky, wakaunda lugha kamili iitwayo Wenja kwa kuegemea lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, na waigizaji wakafundishwa kuisema. Mazungumzo ya mchezo huo ni ya lugha za kubuni za namna hiyo. Watu wa zama za mawe, ambao hakuna aliye hai awezaye kulalamika kwa niaba yao, walipewa sarufi. Wakazi wa nchi ya Afrika, ambao lugha zao zinasemwa leo na mamilioni, hawakupewa hata jina la lugha. Nao Far Cry 6 wa 2021 unamruhusu mchezaji kuificha silaha yake na kupita karibu na askari bila kushambuliwa, na hata kumhonga askari ili apate habari. Kwa hiyo lililokosekana mwaka 2008 lilikuwa wazo, wala si uwezo.

Tahadhari inahitajika pia. Kuingiza Kiswahili si dawa kwa yenyewe. Resident Evil 5 wa kampuni ya Japani, Capcom, uliotoka mwaka 2009, una maadui wanaopiga kelele kwa Kiswahili, ingawa nchi yake ya kubuni imewekwa Afrika ya magharibi. Maadui hao wanaitwa majini, neno linalotumika humo hata kwa mmoja, kana kwamba jini halina umoja. Kwa mtu wa pwani ya Tanganyika neno hilo lina maana ya pili, ya kila siku, yaani mahali anapokwenda mvuvi kila jioni. Lugha iliyoingizwa kwa njia hiyo imekuwa sauti ya kutisha tu, kama ngurumo. Kinyume chake ni wimbo Baba Yetu ambao Christopher Tin aliutungia mchezo wa Civilization IV mwaka 2005: maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Hapo Kiswahili kilichukuliwa kuwa lugha yenye maana, na wasioijua walilisikia hilo.

Liko jambo moja la mwisho katika uwanja huu. Mtambo wa programu uliojengwa kwa ajili ya Far Cry 2, ambao umeendelea kuendesha michezo ya mfululizo huo hadi wa 2021, unaitwa Dunia. Neno hilo tuliletewa na Kiarabu na tukalifanya letu. Wachezaji huliona maandishini na kulisahau. Ndani ya mashine, pale ambapo nyasi, upepo na kutu vinapigiwa hesabu, neno letu lipo. Katika midomo ya watu waliowekwa ndani ya dunia hiyo halimo.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hitilafu za wachezaji juu ya Far Cry 2 hazitokani na tofauti ya ladha pekee. Kundi moja linadai mchezo uwe chombo chema cha kuchezea. Jingine linadai useme kweli kuhusu vita. Katika mambo ya kutu, homa na vita visivyokwisha, mchezo umesema kweli, na tunauona kuwa wenye ujasiri zaidi katika mfululizo wake. Katika jambo la watu umeshindwa, na kushindwa huko ndiko kunakowachosha hata wale wasiojali habari ya Afrika, kwa sababu kizuizi kisichoweza kusemeshwa hakina ila njia moja ya kupitwa.

Suala hili si dogo kwetu. Kijana wa Uvira anajua tangu utotoni kwamba mtu huvuka bariyeri kwa ulimi: kwa salamu, kwa cheo kilichopandishwa kidogo, kwa neno la nyumbani lililotamkwa kwa wakati wake. Ujuzi huo umeokoa maisha ya wengi. Anapoingia katika chumba cha michezo na kuiona nchi inayofanana na yake, anakuta kwamba ujuzi huo haumo katika picha ambayo dunia imejichorea juu yake. Kilichomo ni bunduki pekee. Akicheza sana anaweza kuanza kuamini kwamba ndivyo watu wa kwao wanavyopaswa kuonekana. Wala hatumwombi aache kucheza. Tunamwomba acheze akiwa na jicho la mhakiki, na tunawaomba walimu wa Kiswahili wampe istilahi za kufanyia kazi hiyo.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mada ya tasnifu, zipo kazi mbili ambazo hazijafanywa vya kutosha. Moja ni uchambuzi wa maneno ya Kiswahili yanavyotumiwa katika michezo ya video ya kigeni: nani anayasema, kwa nani, na akitaka nini. Nyingine ni ukusanyaji wa mazungumzo ya bariyeri katika barabara zetu, salamu zake, vyeo vyake na mabadiliko yake ya lugha, kwa kukumbukwa na wasafiri baada ya safari na bila kumtia mtu hatarini. Kazi hiyo ya pili ikifanywa vizuri, siku moja mtu atakayetaka kutunga mchezo wa nchi yetu hatakuwa na sababu ya kuwafanya walinzi wake mabubu.